Maji Yaliyotolewa Rangi

Mpaka leo mtu akisema neno "safi" mbele yangu, hata kama anasifu viatu, nahisi masikio yakipata moto. Ni neno dogo, linatumika ovyo. Vijana wanaitikia salamu kwalo, mwalimu mkuu wetu analisema akikubali ratiba, na mimi nilikuwa nalisema kuliko wote, mpaka nilipolitamka mbele ya jirani yetu nikiwa nimeinua bilauri ya maji juani, utadhani ni mimi niliyeyaumba.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili ya wasichana hapa Garissa. Naishi na mama yangu, na mama ni mtia rangi. Ananunua vitambaa vyeupe, anavikunja, anavikaza kwa kamba na vifundo, anavichovya katika karai, na akivifungua vinatoka na miviringo ambayo mabibi harusi wa mji huu huigombania. Kazi hiyo aliipata Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi, miaka ile baba alipokuwa dereva wa lori la maji huko nasi tukikaa naye. Kulikuwa na watu wakiwafundisha wanawake, na mama akajipenyeza katika darasa ambalo hakuandikishwa. Baba alipofariki tulirudi mjini, kwenye kiwanja alichotuachia, na lile karai likaja nasi.

Mama ni mtu wa Mombasa. Baba alikuwa Msomali wa hapahapa. Mama ameishi Garissa zaidi ya nusu ya umri wake, lakini Kisomali chake bado ni cha kununulia nyama tu. Kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili, na majirani wakiingia hukizungumza kila mmoja kwa namna yake, p ikawa b na v ikawa f, na hakuna anayejali. Mimi nazijua lugha zote mbili tangu utotoni. Ndiyo sababu sina kisingizio.

Jirani yetu wa kulia, tunayetenganishwa naye na ukuta wa mabati, ni mjane anayeuza maziwa ya ngamia. Maziwa yanamfikia alfajiri kutoka upande wa Bura, naye anayahamishia katika madumu yake mwenyewe, aliyoyasuuza na kuyafukiza moshi, kisha anakwenda kuketi sokoni na wenzake. Nilizoea kumwita eedo, yaani shangazi, kwa kuwa ni wa ukoo wa baba. Naye, kwa desturi ya Wasomali, aliniita eedo vilevile, kwa maana mkubwa humrudishia mdogo jina lilelile analoitwa. Nilipokuwa mdogo jambo hili lilinichekesha, shangazi kuniita shangazi. Baadaye nililizoea.

Sokoni wateja humwuliza eedo swali moja tu: "Saafi?" Neno hilo la Kisomali linafanana na safi ya Kiswahili hata mtu asiyejua ataapa ni lilelile. Si lilelile. Ukimwambia mtu kwa Kiswahili kwamba shati ni safi, unamwambia halina uchafu unaoonekana. Eedo akisema maziwa yake ni saafi, anasema hakuna kitu kingine chochote ndani yake, si maji, si maziwa ya mbuzi, wala tone la jana. Analisema kama anayekula kiapo. Nimeona wanawake wakitoka mtaa wa pili, wakiwapita wauzaji kadhaa, ili wamwulize yeye swali hilo na kulisikia jibu lake.

Ugomvi ulianzia kwa kondoo. Maji ya mama yana chumvi nyingi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoisukuma rangi iufuate uzi, na magadi ndiyo yanayoifunga hapo isibanduke. Sehemu ya rangi haishiki kamwe. Hiyo iliyobaki mama aliimwaga pamoja na maji yake katika mfereji mdogo unaopita chini ya mabati na kutokea njiani. Kondoo wa eedo, wale weupe wenye vichwa vyeusi, waliijua ile chumvi siku nyingi kabla sisi hatujawaona. Walikuwa wakilamba ardhi ya mfereji, wakishiba wanalala papo hapo. Tulipokuja kushtuka walikuwa na miguu ya buluu, na matumbo yao yalikuwa ya zambarau.

Bulla nzima, yaani mtaa wetu wote, ilicheka. Watoto waliwaita kondoo wa harusi. Mchuuzi mmoja wa mifugo akauliza kama ni aina mpya kutoka Takaba. Eedo hakucheka. Alikuja langoni kwetu asubuhi, akagonga bati kwa kidole kimoja.

"Abaayo," alimwambia mama, yaani dada, "mimi sina shida na kazi yako. Lakini kondoo yangu imekuwa bendera. Mtu ananiuliza hii ni mnyama ama ni shuka."

"Niwie radhi, dadangu. N'tachimba shimo."

"Shimo itajaa. Tafuta njia ingine, tafadhali. Bole bole, lakini tafuta."

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Mama alirudi ndani, akafunika karai na gunia, na kwa siku kadhaa hakutia rangi kitu. Nilimkuta jikoni akichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

"Miaka yote hii natembea kwa kunyata katika mji wa watu," alisema. "Nisimkere huyu, nisimkanyage yule. Na sasa najulikana kwa kondoo."

Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu ya namna hiyo kwangu hugeuka hasira upesi. Nilikasirikia kondoo, nikaikasirikia bulla, nikamkasirikia hata eedo kwa adabu yake. Nikamwambia mama, "Tia rangi. Maji niachie mimi. Nitayatoa rangi mpaka eedo ashindwe kuyatambua." Nilisema kwa kiburi na nilijisikia vizuri kusema hivyo.

Nilianza na makaa. Mti wa mathenge umejaa kila upande wa mji huu, na hakuna anayeupenda. Unaziba mapito, miiba yake inatoboa magurudumu, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Nilinunua gunia la makaa yake, nikayatwanga, nikayaosha mpaka maji ya kuyaoshea yakaacha kuwa meusi, nikayashindilia katika pipa la plastiki lenye mchanga chini na bomba pembeni. Ukimwaga maji ya buluu juu, taratibu yanatoka chini yakiwa yamefifia. Makaa yana vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, na rangi ikipita humo hujibanza kwenye kuta zake, kama watu wanaojibanza kibarazani mvua ikinyesha. Haifi, haiozi. Inakaa tu. Na kibaraza kikijaa, wanaofuata wanapita njia.

Makaa yangu yalijaa haraka kuliko nilivyotegemea. Juma la kwanza maji yalitoka mepesi, la pili yakawa na rangi ya anga, la tatu mama akaniuliza kwa upole kama pipa limechoka. Nikabadilisha makaa. Yale ya zamani niliyaacha pembeni, na mama, ambaye hawezi kutupa kitu, akayaanika na kuyatia katika jiko. Jikoni kukafuka harufu ya plastiki na nywele zilizoungua, tukakimbilia uani, na siku hiyo tukala mkate na chai baridi. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko mama, na sikukaa chini kujiuliza ni nini hasa kilichokuwa kimetoka katika moshi ule.

Ile rangi iliyokuwa inapenya pipani niliamua kuikabidhi kwa jua. Jua letu linakula rangi bila kuombwa. Pazia la dirisha letu la magharibi lilikuwa jekundu nilipolishona, na sasa rangi yake haina jina. Nilichohitaji ni kulipatia jua hilo meno. Kuna unga mweupe wa zinki, uleule unaotiwa katika marhamu ya vipele vya watoto wachanga. Kivulini ni unga tu. Ukiuchanganya na maji ya rangi na kuuweka juani, mwanga unaupiga, nao unaanza kuikata rangi vipandevipande. Niliagiza kutoka Nairobi. Nikapanga mabeseni mapana uani, maji kina cha vidole viwili, nikamfundisha mama kukoroga kwa mwiko kila anapopita.

Siku ya kwanza sikufundisha vizuri shuleni, nilikuwa nikiwaza mabeseni. Niliporudi alasiri nilikuta maji meupe kama uji. Nikadhani nimeyaharibu. Kisha tukayaacha yatulie, unga ukazama chini, na asubuhi juu ya ule unga kulikuwa na maji ambayo ungeweza kusomea gazeti ndani yake. Nilimwamsha mama. Alichuchumaa kando ya beseni na khanga begani, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akatia kidole na kukitazama kidole chake.

Sasa nije kwenye bilauri. Mama ndiye aliyewaalika majirani, lakini bilauri ilikuwa wazo langu. Walikuja wanawake kama wanane, eedo akiwa mbele. Nilichota maji ya buluu nikawaonyesha, kisha nikachota yaliyokwisha kutolewa rangi, nikainua juu. Mwanga ulipita ukaangukia mkono wangu. Mtu akasema mashallah. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani, ambako wasichana huandika ninachosema bila kuinua macho.

Eedo alisogea. "Hii ndiyo ile maji ya kondoo?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Sasa imekuwa saafi?"

Nilimsikia vizuri. Ile a ya kwanza aliivuta, kama anavyoivuta sokoni. Aliniuliza kwa neno lake na nilijua anachouliza. Nami nilijua jambo jingine, ambalo nalifundisha kila mwaka nikiwa na chaki mkononi: rangi kupotea si sawa na kitu kupotea. Jua na zinki vinapoikata rangi, mkato wa kwanza tu unatosha kuifanya isionekane. Vipande vinabaki majini, havina rangi, na vingine huenda ni vibaya kuliko rangi yenyewe, mpaka vikatwe tena na tena. Kujua vimefika wapi kunahitaji mashine ambayo shule yetu haina. Na chumvi haikuwa imeguswa na chochote. Kwa chumvi sikuhitaji mashine, ningeonja tu. Lakini wanawake wanane walikuwa wakinitazama, na mama alikuwa amesimama wima nyuma yao kwa mara ya kwanza tangu habari za kondoo.

"Ni safi kabisa, eedo," nikasema.

Nilijiambia kwamba nimejibu kwa Kiswahili. Hebu fikiri mtu mzima, mwalimu, akijificha nyuma ya irabu moja.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kondoo waliota manyoya meupe. Eedo alianza kutuletea maziwa kila Ijumaa, na mama akampelekea mtandio alioutia rangi ya machungwa. Kulipokuwa na harusi nyumba ya tatu, mama aliitwa kwenda kupika, si kualikwa tu kula kama mgeni. Aliondoka alfajiri na kisu chake cha kukatia vitunguu amekifunga katika kitambaa, na aliporudi alikuwa ananuka moshi na mafuta na alikuwa na hadithi za kila mtu. "Wananiita abaayo wote sasa," aliniambia. Nilimpa maji ya kunawa nikaona nimefanya jambo kubwa duniani.

Maji yaliyotolewa rangi tulikuwa tukiyahifadhi katika pipa jingine kando ya lango, kwa kusuuzia vitambaa mara ya kwanza. Mama ndiye aliyetaka. Nani atamwaga maji Garissa.

Halafu mvua za nyanda za juu zikaujaza mto tope, mitambo ya kusafisha maji ikazimwa, na mifereji ya majumbani ikakauka mji mzima. Mikokoteni ya punda inayouza maji ilikuwa ikisimamishwa njiani na kumalizwa kabla ya kufika kwetu. Sisi tulikuwa na akiba ya kunywa katika mitungi, si nyingi. Sikuliwaza pipa la langoni. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Niliporudi nyumbani alasiri moja nilikuta lango wazi. Eedo alikuwa ndani, pamoja na wauzaji maziwa wawili wa pale sokoni, na madumu yao yamepangwa chini. Mkokoteni wa eedo ulikuwa kivulini chini ya mwarobaini, na dumu la maziwa juu yake. Mama alikuwa akichota kwa jagi kutoka lile pipa, akimimina katika dumu la kwanza, na uso wake sijawahi kuuona hivyo kabla wala baada. Ulikuwa uso wa mtu aliyeombwa kitu akawa nacho.

"Mpe eedo wako kiti," aliniambia.

"Kiti ya nini, tunaondoka," eedo akasema. "Eedo, Allah akubariki na hiyo elimu yako. Soko nzima haina maji ya kuosha dumu. Jana nimechukua hapa, leo nimeleta hawa wenzangu."

Jana. Nilitazama lile dumu kwenye mkokoteni. Nikaanza kupiga hesabu, na nitazisema zilivyokuwa, kwa sababu ndizo hesabu za mtu niliyekuwa. Nilijiambia kwamba dumu likisuuzwa hubaki matone tu. Matone ndani ya dumu zima la maziwa ni nini. Maziwa ya ngamia yana chumvi yake, hakuna atakayeonja tofauti. Hakuna aliyeugua. Mifereji itafunguka kesho au keshokutwa na jambo lenyewe litapita bila mtu kujua. Na mama, baada ya miaka yote, anawagawia watu maji. Nikaketi mimi mwenyewe kwenye kile kiti. Mama alimaliza dumu la kwanza akaanza la pili, nami nikiwa nimeketi.

Sijui ningekaa pale mpaka lini. Ni mama aliyeniinua, bila kujua. Alinitazama nilivyokuwa natokwa na jasho, akajaza jagi, akaniletea.

"Kunywa, mwanangu. Umetoka juani."

Mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe. "Si hayo, mama."

"Kwani yana nini? Mimi nayanywa tangu asubuhi, ya mtungini nimekuwekea wewe. Yana chumvichumvi tu, kama ya kisima."

Nusu ya visima vya huku vina chumvi. Watu wamezoea, wala hawaulizi inatoka wapi. Mama alikuwa ameyaonja, akapata jibu la kawaida kabisa, akaendelea kunywa kwa sababu mwanawe alisema ni safi. Nilimnyang'anya lile jagi. Maji yakamwagika kwenye magauni yetu sote wawili.

Eedo aliweka chini dumu alilokuwa ameshika.

"Mwalimu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Niligeuka kutazama nyuma, kama kuna mwalimu mwingine aliyeingia.

"Wewe unakunywa hii maji ama hukunywi?"

"Sinywi."

"Ulisema saafi."

"Nilisema safi, eedo. Yaani rangi imetoka. Hakuna kinachoonekana. Lakini kuna vitu vinabaki, mimi siwezi kuviona, sina cha kupimia. Huenda si kitu. Ni ya kusuuzia nguo tu, sikudhani kama—"

"Mama yako Kisomali hajui," alinikatiza, bado kwa sauti ileile ya chini. "Yeye angekosea, ningesema ni lugha. Wewe unajua."

Wale wenzake wawili walitazama chini. Kama ardhi ingekuwa na mlango ningeingia.

Eedo aliinamisha dumu la kwanza akamwaga maji. Akamwaga la pili. Kisha akaenda kwenye mkokoteni, akalishusha lile dumu la maziwa akikataa msaada, akalifungua, na kuyamwaga maziwa chini ya mwarobaini. Ardhi ilikuwa kavu kiasi kwamba haikuyanywa mara moja. Yalitandaa mpaka kwenye viatu vyake, naye hakusogea.

"Nusu nimekwisha kuuza," alisema, akimwambia mama, si mimi. "Narudi soko niwaambie."

"Nitakuja nawe, eedo," nikasema. "Nitawaeleza mimi. Kosa ni langu."

"Wewe umeeleza ya kutosha."

Akaondoka, akisukuma mkokoteni wenye madumu matupu, na wenzake nyuma yake. Nilisikia baadaye kwamba alipita kwa kila aliyemkumbuka, nyumba kwa nyumba hadi giza, akiwaambia kwamba maziwa ya leo aliapa saafi na hayakuwa saafi, wayamwage. Hakusema ni kwa sababu ya nani. Bulla ilijua tu, kama inavyojua kila kitu.

Hakuna aliyeugua, kwa nijuavyo. Mama nilimpeleka zahanati siku hiyohiyo, akapimwa presha, akaambiwa anywe maji mengi, jambo lililonifanya nitake kulia mbele ya daktari. Watu wananiambia, basi kama hakuna aliyeugua yamekwisha. Hayajaisha. Sikumlinda mtu yeyote. Bahati ndiyo iliyowalinda, kama ilikuwa bahati, maana hata hilo sina cha kulipimia.

Maji ya buluu, hata kondoo alijua yalivyo, na alipoyalalia kila mtu aliona. Mtoto asingeyanywa. Mimi nilichukua wiki nyingi, makaa, zinki na jua, nikaondoa kitu kimoja tu kilichokuwa kikiwaonya watu, nikakiita kazi. Siku hizi nikifika somo hilo darasani nalifundisha nikitazama ubao.

Nilikwenda kwa eedo kuomba msamaha. Alinipokea, akanikalisha mkekani, akanimiminia maziwa. Alisema amesamehe na naamini amesamehe, si mtu wa kusema asilolisema moyoni. Akaniuliza habari za shule. Alinisindikiza mpaka langoni. "Haya, mwalimu," akasema. Ndilo jina langu kwake tangu hapo. Sijathubutu kumwita eedo tena kwa sauti, kwa kuogopa kusikia nitakavyojibiwa, kwa hiyo naanza maneno yangu katikati, bila kumwita chochote.

Mama hakunigombeza, na mimi nilitamani anigombeze. Aliacha kwenda kupika kwenye harusi kwa muda, akisema magoti yanamuuma. Nilichimba shimo kubwa uani, nikaliwekea nailoni, nikalizungushia miiba. Hakuna tone linalotoka kiwanjani kwetu sasa. Pipa la makaa linafanya kazi na mabeseni yako juani, kwa sababu maji ni machache na vitambaa vinasuuzwa kwa hayohayo tena na tena. Pipa la langoni nalo limerudi, safari hii kando ya karai.

Juma lililopita nilimkuta mama amesimama mbele ya pipa hilo, limejaa maji yaliyotoka kwenye mabeseni, maangavu kabisa. Mkononi alikuwa na pakiti ya rangi ya buluu na kijiko.

"Nataka mtu akifunua aone si ya kunywa," alisema. "Hata mgeni. Hata mtoto. Nitie kiasi gani?"

Ni swali la kemia, rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nililitazama pipa, nikakadiria ujazo, nikafikiria rangi ile ilivyo kali.

"Robo kijiko inatosha, mama. Itaonekana vizuri."

Aliitikia kwa kichwa. Akatia robo kijiko, akakoroga, na maji yakageuka buluu pale pale, buluu ambayo hakuna jicho lingeikosa. Aliyatazama. Akanitazama mimi. Kisha akachota tena, akatia vijiko viwili vizima.